Nilimkemea Bibi Mbele ya Vijana Wangu

Nimekosa, jamani, na sitaki kujitetea. Nataka mnisikilize tu, maana hapa Mjimwema, mjini Njombe, sina wa kumwambia. Wote wananiita mwalimu.

Ndiyo, mwalimu! Nafundisha kipaimara kanisani kwetu Njombe. Amri, imani, sala, vijana wangu wanavijua kwa moyo. Lakini iliniuma kuona hawajui walikotoka. Ukiwauliza habari za vita vya Majimaji, wanakwambia hayo ni ya kwenye mtihani. Nikapata wazo, na hadi leo nasema lilikuwa zuri: niwapeleke Makambako kwa bibi yangu, dada wa babu mzaa baba. Awasimulie jinsi baba yake alivyokimbia vita hivyo akiwa mtoto, na jinsi alivyokuja kubatizwa.

Bibi huyo ni Mlutheri kuliko mimi. Na tulikuwa na utani wetu. Siku hiyo nilipoingia tu, akanisalimu kwa Kibena: "Kamwene, mume wangu! Leo umekumbuka kwako?" Vijana walicheka mpaka aibu ikawatoka.

Tukakaa jikoni kwake kwa sababu ya baridi. Akamimina ulanzi, ile pombe ya mianzi, kwenye kikombe, ule mtamu ambao haujachacha. Kabla ya kuanza kusimulia akainama, akamwaga kidogo chini karibu na mafiga, akataja jina la mtu.

Kiherehere kikanipanda! Niliruka. "Bibi, hapana! Hawa ni watoto wa kipaimara, sijawaleta kwenye matambiko!" Na sikuishia hapo. Nilinyoosha mkono juu ya pale palipolowa, nikakemea kwa sauti ya mkutano wa injili, nikawaamuru vijana waseme amina. Nilijiona shujaa wa imani, mjinga mimi!

Bibi alisubiri nimalize. Akaweka kikombe chini.

"Haya, mwalimu," akasema. "Viazi huko Njombe vinauzwaje siku hizi?"

Mwalimu! Bibi yangu mwenyewe! Tuliongea habari za viazi mpaka tukaondoka.

Baadaye nikasikia vijana wangu wanakwenda kwake bila mimi. Aliyeanza ni Tumaini, ambaye shangazi yake anakaa jirani na bibi. Nilikasirika, nikamwita. Mnakwendaje bila ruhusa yangu?

Akaniangalia kwa adabu zote. "Mwalimu, lile halikuwa tambiko. Walipojificha porini wakati wa vita, kaka wa baba yake bibi alikufa kwa njaa, huku akiomba ulanzi. Haukuwepo. Basi kila wakisimulia habari hiyo wanammwagia kidogo, wanamtaja. Bibi ndiyo kwanza alikuwa anaanza."

Jina lile alilotaja bibi, ambalo kwa kiherehere changu sikulitilia maanani, ndilo jina langu la nyumbani! Nimekua naitwa hivyo, na baba alifariki kabla sijamuuliza limetoka wapi.

"Alizikwa wapi?" nikamuuliza. "Na kwa nini jina lake nilipewa mimi?"

"Muulize bibi, mwalimu. Alituambia hayo ya kwenu atakwambia mwenyewe, ukiwa tayari kusikiliza."

Nimeshakwenda. Nimepeleka sukari, nimepeleka kitenge, nimepiga magoti. Bibi akasema amenisamehe, akaniombea, na najua kanisamehe kweli. Lakini nikigusia habari ile ananiuliza kama ng'ombe wangu wanatoa maziwa. Inachosha! Nimejaribu kunyamaza na kungoja, naye anachochea moto tu. Kwa umri wake, sijui nitangoja mpaka lini.

Jumamosi iliyopita nilifika bila taarifa. Nikiwa uani nikasikia sauti yake, na vijana wanacheka. Akawaita waume zake. Kisha wakaanza kurudia majina ya wazee wetu kwa Kibena, na jina langu likiwemo. Nikasukuma mlango.

Majina yakakatika.

"Karibu, mwalimu," akasema bibi. "Mvua imefika Mjimwema?"

Ndugu zangu mnaolea vijana, wachungaji, walimu, wazazi, nawasihi! Ukiwapeleka kwa mzee, funga mdomo wako. Ukiona jambo hulielewi, uliza kwanza, na uulize taratibu. Mimi sikuuliza. Sasa watoto niliowapeleka mwenyewe wanaijua habari ya ukoo wangu, na mimi nikiingia naambiwa ya mvua.