Mwalimu wa Mashine ya Sufuria

Kiwandani walimwita Sikio, na jina likamkaa. Kwa miaka ishirini na sita alisimama mwisho wa mstari wa uzalishaji, akigonga kila sufuria kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Nzima hulia, yenye ufa hukohoa. Mwenyewe hakuchoka kujisifu. Hata kwenye harusi ya bintiye alipita jikoni akigonga sufuria za wapishi, akazikataa mbili.

Basi ikaletwa mashine kutoka ng'ambo, ina kinyundo chake na kinasa sauti. Mhandisi wake, kijana mwenye adabu, akamwita Sikio "mwalimu". Eti mwalimu! Kichwa kikavimba, mlango wa kiwanda ukawa mwembamba. Kila asubuhi anawahi kuifundisha mashine, na jioni anajaza fomu: leo imekosea mara ngapi.

Dada wa kupaka rangi, aliyefanya kazi naye miaka yote, akamvuta pembeni.

"Kaka, una akili kweli? Iache ikosee. Ikijua yote, wewe utabaki na kazi gani?"

"Nipitishe mbovu, mimi?"

"Ndiyo. Moja tu kwa siku."

Alijaribu, haki ya Mungu alijaribu. Mashine ikapitisha sufuria yenye ufa chini ya mshikio. Sikio akajikaza, akatazama dari, jasho likamtoka. Sufuria ilipofika kwa wapakiaji alitoka mbio, akawapokonya, akampelekea mhandisi huku anahema. "Hii imeikosa. Irudie." Dada wa rangi akainamia kopo lake, akaendelea kupaka.

Mwezi wa tatu fomu zikaonyesha sifuri wiki nzima. Sikio akatia sahihi kwa mbwembwe, mkia wa herufi ukatoka nje ya mstari.

Jumatatu meneja akamwita, akampa barua ya kuachishwa kazi. Sikio aliisoma mara mbili. Nyumbani kuna mke, na watoto wadogo wawili bado wanasoma.

"Na ikikosea, bosi, nani atajua?"

Meneja akamgeuzia fomu. "Haikosei tena. Umethibitisha mwenyewe."

Sikio akaitazama ile sahihi. Na hapo ndipo unashindwa umcheke mtu au umlilie. Roho ilikuwa inamuuma kweli, machozi yako karibu, lakini mdomo ukamponyoka.

"Ila mmeona ilivyoshika somo," akasema.