Sahihi ya Baba Furaha

Naona aibu kusimulia haya, lakini wacha niseme. Kanisa letu hapa Kansanga, Kampala, lilinichagua niwe mlezi katika kambi ya watoto ya likizo, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukusanya sahihi za akina baba za kuwaruhusu watoto wao. Nilimpigia simu Mama Furaha, Mkongomani ambaye binti yake alikuwa ameandikishwa kambini, nikamwulizia baba wa mtoto.

“Baba yake amelala,” alinijibu kwa upole.

Kesho yake mchana nikapiga tena, jibu likawa lilelile. Mimi, mjuzi wa kila kitu, nikaamua mzee huyo ni mvivu.

Jumapili nikawakuta mama na binti yake mlangoni pa kanisa.

“Mama Furaha, mzee bado hajaamka? Mwamsheni basi!” nikasema huku nikicheka.

Mama akainamisha kichwa. Furaha akanitazama.

“Mwalimu, baba tulimzika kabla ya kuja Kampala.”