Kengele ya Mnara Unaoinama

Mnara wa saa umesimama katikati ya shamba letu la viazi, huku Timau, nami siupendi hata kidogo. Nyumba ya mzungu aliyeujenga ilibomolewa ardhi ilipogawiwa watu, na mawe yake yakaishia kwenye majiko ya kijiji kizima. Mnara wenyewe Mama alikataa ubomolewe. Hata hivyo, kwetu jirani akija kuomba mafiga humnyimi, na jiwe rahisi kung'oa mnarani ni la chini.

Saa ilikuwa imekufa tangu nikiwa mdogo. Mwaka huu, baada ya mvua ndefu, kengele yake ikaanza kulia yenyewe. Upepo ukishuka kutoka mlimani inagonga mara moja, kwa sauti nzito, halafu kimya. Majirani walisema Mungu amesema nasi, wakaanza kukusanyika chini yake kuomba, Mama akiwa mbele.

Mimi nilimwita kaka yangu, fundi wa mawe. Alipaka kiraka cha saruji juu ya ufa ulio ubavuni mwa mnara, kama wafanyavyo mafundi kujua kama ukuta unatembea. Niliporudi kutoka mjini ninakofanya kazi, kiraka kilikuwa kimepasuka katikati. Mnara ulikuwa unainama, na kwa kuinama huko kengele ilikuwa imesogea karibu na nyundo yake, upepo ukiitikisa inagonga. Majirani nilipowaambia, walisema imani yangu imebaki mjini.

"Mama, huu mnara utaanguka. Maombi yafanyieni kanisani, tafadhali."

Alikuwa akichambua maharagwe, hakuinua uso. "Hiyo kengele ndiyo ilikuwa inaita baba yangu kazi kwa huyo mzungu. Akichelewa, ni kiboko. Sisi watoto tukiisikia tunaingia chini ya kitanda. Sasa inaita watu wa Mungu, na wewe unataka niikimbie tena?"

Nilikasirika, nikamwambia mawe hayajui mambo ya kiboko.

"Sikio la kufa halisikii dawa," akasema. "Usidhani sijui sikio hilo ni langu."

Jumapili watu walikuja na viti vyao. Niliketi kando ya Mama, na maombi yalipoanza sikufumba macho. Kengele ikagonga, watu wakaitikia Amina, na unga wa chokaa ukadondoka juu ya kitambaa chake cha kichwa. Nikamshika mkono nimvute. Hakuinuka. Nilipomtazama usoni, naye alikuwa macho wazi, ameukazia ule ufa.