Jinsi Tulivyomfukuza Bwana wa Ndoto

Nimekutana na waongo wengi, kwa kuwa niliuza dawa za mifugo Sultan Hamud kwa miaka mingi kabla sijaingia biashara ya programu za kompyuta. Mwongo wa ng'ombe angalau anamjua ng'ombe. Huyu ninayemkumbuka hakujua chochote, na wala hakuona kwamba huo ni upungufu.

Programu yetu aliitunga dada yangu mdogo. Alijifungia Kibwezi na kompyuta yake, akatengeneza kitu cha kumsaidia mwenye duka la agroveti, yaani la dawa za mifugo na mahitaji ya shamba, kujua dawa gani imebaki na ipi inakaribia kuharibika. Mimi nilizunguka nikiiuza. Makueni ilitukubali, Kitui kidogo, lakini miguu ya mtu ina mwisho. Tukashauriwa tutafute mtandao wa wauzaji wa kamisheni, yaani kampuni inayokusanya watu wenye kurasa na video kwenye intaneti. Wanatangaza bidhaa yako, na mteja akija kupitia kwao wanapata fungu lao.

Kampuni ya kwanza ilimtuma bwana mmoja kutoka Nairobi. Tulikutana hotelini hapa Sultan Hamud. Alivaa viatu vyenye ncha na miwani ya jua ambayo hakuivua hata ndani. Chapati ilipoletwa aliitazama kana kwamba imemtukana, akaisukuma kando kwa kidole kimoja.

"Sisi hatuuzi programu," akatuambia. "Tunauza ndoto."

"Yetu umeifungua?" dada akamwuliza.

"Hakuna haja, dada yangu. Kitu kikiuzika, kinauzika."

Akatuonyesha wauzaji wake kwenye simu. Mmoja alikuwa mwanamke wa kusifu mawigi. Mwingine alikuwa jamaa aliyeegemea gari kubwa ambalo mwenyewe, ukitazama vizuri, alikuwa ndani akingoja jamaa atoke njiani.

"Na huyu ndiye atamwelezea mtu wa Nunguni dawa ya kupe?" nikauliza.

"Mzee, watu ni watu."

Nilitaka kuinuka. Dada akanishika mkono. Alitaka tumjaribu, kwa sababu ana moyo safi kuliko wangu. Tukakubali.

Watu wakaanza kujisajili kwa fujo, na kila jioni bwana yule alituma ujumbe wa kujisifu. Dada alipowachunguza waliojisajili, wengi hawakuwa na duka. Wengine sidhani kama walikuwa hata na kuku.

Halafu asubuhi moja mama mmoja akapanda ngazi hadi ofisini kwetu Sultan Hamud. Alikuwa mjane mwenye duka la agroveti Nunguni, kule milimani kwenye baridi, na sweta yake ilikuwa imefungwa vifungo hadi kooni ingawa huku kwetu chini jua lilikuwa linachoma.

"Karibu kiti, mwaitu," nikamwambia, kama tunavyomwita mama yeyote huku Ukambani. Hakukaa.

"Nimekuja kuuliza mbolea itafika lini."

"Mbolea gani, mama?"

"Ile ya bure. Si mlisema mtu akijiandikisha kwa hiyo programu yenu analetewa mbolea mpaka kwa mlango? Nimeambia wamama wote wa kanisa. Tumetoa viti kwa stoo ya kanisa ndio tupate pa kuiweka. Na mvua iko karibu."

Akatuonyesha video. Alikuwa yule jamaa wa gari, akiahidi magunia kwa jina la programu yetu. Dada akaketi polepole kama mgonjwa.

Nikampigia bwana wa ndoto, nikaweka simu kwa sauti ili mama asikie.

"Lakini si amejisajili?" akacheka. "Hapo mimi kazi yangu imeisha."

Mwizi wa kuku huruka ua akiogopa mbwa. Huyu aliiba imani ya wamama wa kanisa akiwa kwenye kiti cha kuzunguka, na hakujisumbua hata kuogopa. Sikuweza kumtukana, niliona tusi lingempa heshima asiyostahili. Dada akaninyang'anya simu.

"Toa hiyo video saa hii," akasema. "Na programu yetu usiitaje tena maisha yako yote."

Jumapili tukapanda Nunguni. Baada ya ibada mchungaji akatupa nafasi, na dada akawaeleza wamama kwa Kikamba bila kuzunguka. Bibi mmoja wa safu ya mbele akauliza, "Kwa hivyo hakuna mbolea?"

"Hakuna, mama."

"Basi rudisheni viti."

Tukavitoa vilikorundikwa nje na kuvirudisha stoo, mimi na dada, wamama wakitutazama mpaka cha mwisho.

Mtandao tuliouchagua baadaye ulituma mwanamke mwenye sauti ya kusoma matangazo ya vifo redioni. Aliomba aitumie programu kwanza, kisha akapiga simu.

"Ukibonyeza hapa mara mbili, inaandika dawa imeuzwa mara mbili," akamwambia dada. "Rekebisheni, ndipo tuongee."

Wauzaji wake walikuwa wachache, watu wanaoandika mambo ya shamba na mifugo, na hakuna tangazo ambalo lingetoka kabla sisi hatujalisoma. Dada alinuna kutwa nzima, akarekebisha, tukatia sahihi.

Wateja wanaingia kidogo kidogo. Wa kwanza alikuwa mwenye duka wa Mutomo, na hakutupa hata salamu. Alipiga simu kulalamika kwamba maandishi ni madogo, mtu wa umri wake hayaoni. Dada akayakuza siku hiyo hiyo.