Mama Chipu hanunui jina la boksi

Saa tatu asubuhi, Mama Chipu ameegemea kaunta ya duka la vipuri vya kompyuta, miwani imemshuka puani, mkononi kadi ya waifai ndogo kuliko kiberiti. Jina kubwa la kwenye boksi halitazami. Anaigeuza kadi na kusoma namba ya chipu, ubongo wa kadi, iliyoandikwa kwa herufi za kuumiza macho.

"Jina ni la kuuzia," anasema. "Mimi nataka kujua ndani kuna nani."

Mwandishi wa habari hii huchagua hata chaja kwa rangi. Mwenye duka anaguna. Boksi la tano hilo linafunguliwa.

Mama huyu, zamani katibu muhtasi, ana mwaka wa sita akifufua kompyuta zilizochoka kwa kuziwekea mfumo endeshi huria, ule ambao yeyote anaruhusiwa kuuchukua bure na kuurekebisha. Kinachomsumbua ni kadi za mtandao. Si kila chipu inaelewana na mfumo huo, na isiyoelewana nao hukaa tu ndani ya mashine kama mgeni aliyenuna.

Mwezi uliopita shule ya jirani ilimkabidhi kompyuta nane. Alijaribu kadi kwenye moja, ikafanya kazi bila maneno. Akanunua saba nyingine za jina lilelile. Zote ziligoma. Mtengenezaji alikuwa amebadilisha chipu, boksi akaliacha vilevile.

"Niliona aibu mpaka chakula kikanishinda," anakiri.

Mwalimu mkuu alimpa hadi leo saa sita. Zisipounganika, zote nane zinauzwa kama vyuma chakavu, na wanafunzi wanarudi kuchorewa kompyuta ubaoni.

Safari hii amekuja na laptopu yake yenye mfumo uleule, mgongo wazi, bisibisi pembeni. Kadi ya kwanza anayoijaribu humo inakataa. Ya pili inakataa. Ya tatu inaleta orodha ya mitandao ya majirani wote. Mwenye duka anaacha kuguna, anavuta kiti, naye anaanza kupekua maboksi akitafuta namba ya chipu ile. Zinatimia saba, na kila moja inajaribiwa.

Saa sita kasoro robo, darasani, kompyuta ya nane inashika mtandao. Mwalimu mkuu anataka kushangilia. Mama Chipu anamzuia, anaizima, anaiwasha upya. Inashika tena.

Mwalimu anamwomba awe anakuja kila zikiharibika. Anakataa kwa upole. Anaomba badala yake Jumamosi nne na wanafunzi wanaotaka, wazifungue wenyewe na wakosee yeye akiwapo.

"Mwalimu, sitaki kuitwa," anasema. "Nataka siku moja nipite hapo dirishani, niwasikie wanabishana kuhusu chipu, nami niende zangu."