Kompyuta ya Homa Bay iliyoandika "slamba"

Wakuu, habari za jioni.

Hii ilinipata katikati ya miaka ya tisini. Sina picha wala shahidi, lakini sitaongeza chumvi. Mnaojua hardware mtanisahihisha.

Nilikuwa naishi Migori. Shule niliacha Form Two, na siku zangu nyingi nilizimaliza kwa fundi wa redio pale sokoni, nikimsumbua kwa maswali. Alikuwa na kitabu cha kompyuta kisicho na jalada, wala hakujua kazi yake. Mimi nilikisoma hadi kurasa zikaanza kutoka.

Ijumaa moja asubuhi nikaamka nikajisikia tu kuondoka. Pickup ya soda ilikuwa inaenda Homa Bay, nikaomba lifti. Ingekuwa inaenda Isebania, ningekuwa nawapa stori nyingine.

Saa nne hivi nikashuka mjini. Nikaona kibao: TYPING, PHOTOCOPY, COMPUTER. Nikaingia.

Msinicheke. Siku hizo mtu aliweza kuingia mahali ili aone kompyuta tu.

Ndani walikuwa wawili. Mwenye ofisi, Mwalimu Marwa, Mkuria aliyestaafu kufundisha Kiswahili. Na typist wake, mama ambaye mji mzima ulimwita Nyar Karungu, yaani binti wa Karungu, maana kwao ni huko.

Mwalimu alikuwa ameinua karatasi.

"Slamba ni nini, mama? Nifundishe. Nimefundisha lugha hii hadi nikapata mvi, sijakutana na slamba."

"Mwalimu, mimi niliandika samba."

"Unasikia? Nyinyi Wajaluo sh iliwashinda mdomoni, sasa mnaniletea kwa karatasi."

"Kusema ni mdomo. Kuandika ni vidole. Vidole vyangu havina shida."

Ilikuwa katiba ya kikundi cha akina mama wakulima, kurasa nne. Walikuwa wameirudisha mara mbili. Kila mara kosa ni moja, chini ya ukurasa wa tatu. Kwanza "wanachama" ikawa "wanechama". Wakaongeza mstari huku juu, ikachapwa tena, sasa "shamba" ikawa "slamba". Wangeijia alasiri hiyo, na Mwalimu alikuwa ameshasema: kosa la tatu, Nyar Karungu anarudi kwao. Watoto wake wawili walisoma hapo mjini kwa kazi hiyo.

Tena yeye ni Msabato. Ijumaa jua likizama, hagusi mashine.

Mdomo wangu haukungoja ruhusa.

"Mwalimu, huyu hajakosea. Mimi pia Mjaluo. Sisi tukikosea tunaangusha h. Hatuweki l. Hata ulimi unakataa."

"Na wewe ni nani?"

"Napita tu."

"Basi pita."

"Mwache aseme, Mwalimu," Nyar Karungu akasema.

Nikawaambia pengine memory ya mashine ina mahali pabovu. Mwalimu akakataa. Kila asubuhi ikiwashwa, alisema, inahesabu memory yote hadi mwisho, na yeye husimama hapo akiitazama. Nikamwambia mtu anaweza kuhesabu viti vyote vya kanisa bila kukalia hata kimoja.

Nikamuuliza Nyar Karungu kama barua za ukurasa mmoja huwa na kosa. Akasema hazijawahi. Nikaona, ehe, hazifiki pale pabovu.

Diskette ya kupima sikuwa nayo. Nikamwambia ajaze kurasa nne kwa herufi moja, kisha tutafute mgeni. Nikachagua o, sijui kwa nini.

Tukasoma mstari kwa mstari. O tupu. Hakuna mgeni.

Mwalimu akafurahi. "Mashine ni nzima. Wagonjwa ni nyinyi wawili."

Wakuu, nilishaanza kuutazama mlango. Aliyetuokoa ni Nyar Karungu mwenyewe.

"Lakini haijawahi kuharibu o," akasema. "Iliharibu a. Ikaharibu h. Tuipe h."

Akajaza h. Ukurasa wa tatu, mistari michache kabla ya mwisho, kidole chake kikasimama. L moja, katikati ya h zote.

Akaifuta, akaandika h. Ikawa l tena.

Mwalimu akasogeza kiti. Akafuta miwani, akabonyeza h kwa nguvu, kwa kidole chake mwenyewe. L.

Nyar Karungu akamuuliza kwa upole kabisa: "Mwalimu, kumbe na wewe Mjaluo?"

Mzee alijikaza, ikamshinda. Alicheka hadi akashika meza.

Tukafungua mashine. Vijiti vya memory vilikuwa vinne, viwili viwili. Nikatoa viwili vya kwanza, nikahamishia vya nyuma mahali pake. Ilipowashwa ikapiga bip, ikahesabu nusu, ikalalamika. Nikabonyeza F1 ikaendelea. Tukajaza h, kisha a. Safi.

Saa kumi akina mama walikuja, wakasomeana katiba yote kwa sauti, wakaikunja wakaenda nayo.

Msamaha Mwalimu hakuomba. Lakini alikuwa na faili ambamo aliweka kila karatasi iliyoharibika, makosa yamezungushiwa wino mwekundu. Akalitoa, akachukua kalamu ileile, akaandika kwenye kila moja "kosa la mashine" na kutia sahihi. Kisha akampa Nyar Karungu faili lote aende nalo nyumbani.

Mimi akaniambia, "Wewe wa kupita, Jumatatu pita tena."

Miaka baadaye ndipo nilielewa. Herufi ndani ya kompyuta ni swichi nane. H na l zinatofautiana kwa swichi moja, a na e vilevile, na ni swichi hiyohiyo. Pale pabovu ilikuwa imekwama ikiwa on. Kwa o huwa iko on tayari, ndiyo maana hatukuona kitu.

Nilichobeba ni hiki: ukipima kitu kikapita, muulize anayekitumia kila siku kilimkosea wapi, upimie hapo.

Jioni hiyo Nyar Karungu alinipeleka kwa shangazi yake, karibu na ziwa, aliyekuwa na chumba cha nje. Chakula cha Sabato kilikuwa kimeshapikwa chote. Shangazi akanitazama miguu yenye vumbi, akanipa karai la maji na ufunguo, akasema nioge haraka jua bado liko.

Nilikaa mji ule miaka miwili.

Waliotumia mashine za enzi hizo, mlikuwa mnapimaje memory? Karibuni tubishane.