Mchuzi wa Juu

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa moto kwa jirani, Mjerumani akitawala, mama yangu alikuwa na ugonjwa wa kuja na kwenda. Ulimshika chini ya mbavu, upande wa kulia, ukapanda mpaka begani. Anainama, jasho linamtoka, hasemi. Halafu unamwachia, anachukua jembe anakwenda shamba. Kwetu milimani Uluguru walisema ana jiwe tumboni, na jiwe haliingii mtu bure: mizimu ya ukoo imekasirika. Mimi nilikuwa namwangalia kila anapokula. Akishika mbavu tu, naweka tonge chini.

Baba alikuwa kwenye kazi ya reli, na kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo neno lilikuwa la mjomba. Akaamua tambiko. Akamchinja mbuzi wake aliyenona kuliko wote. Desturi ni mgonjwa aanze kunywa mchuzi wa juu, ule wenye mafuta. Kuukataa ni kukataa chakula cha wazee waliokufa.

Bibi, aliyewazaa mama na mjomba, akaziba bakuli kwa kiganja.

"Mpe wa chini, mwanangu. Mafuta yataliamsha hilo jiwe."

"Mama, mizimu tuipe masalia?"

"Akinywa huo, jua halizami hajalia."

"Basi lala wewe tukutambikie, maana mgonjwa mwenyewe hasemi kitu," mjomba akasema, watu wakacheka. Mama naye akatabasamu, akapokea bakuli, akanywa lote.

Jua lilikuwa bado juu alipoanza kutapika. Safari hii ugonjwa haukumwachia. Kesho yake macho yalikuwa ya manjano, mkojo mweusi, homa inamtetemesha. Namfunika, anatupa nguo; namfunika tena. Nje watu walikuwa hawaulizi tena habari za mama. Walikuwa wanamtazama bibi.

Mjomba akamfuata, bila mzaha. "Mama, ulijuaje?"

"Mimi si ndiye ninayempikia? Nikitia mafuta, anaumwa. Nisipotia, analala. Ulitaka nijue vipi?"

Mama alikufa wakati wanatafuta watu wa kumbeba kwa machela kushuka Morogoro kwa daktari. Baada ya msiba hakuna aliyepokea tena chakula mkononi mwa bibi. Mimi niliendelea kula kwake, na kila tonge nililiogopa.

Sasa mimi mwenyewe ni bibi, na kusoma nimejua juzijuzi, kwenye darasa la watu wazima. Kitabu cha afya nimekisoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno. Ini linatengeneza nyongo, nyongo inakaa kwenye kifuko chake, na ikizidi kuwa nzito inaganda, inafanya mawe. Ukila mafuta kifuko kinajikamua. Jiwe likiziba njia ndipo mtu anaumwa vile, na lisipotoka macho yanakuwa ya manjano, homa inaingia. Siku hizi daktari anapasua, anakitoa kifuko chote, mtu anarudi nyumbani kwake.

Kwanza nilimkasirikia mjomba. Halafu nikafikiria: alimpa dada yake kilicho bora zaidi zizini mwake. Na bibi naye aliiamini mizimu kama wao. Unga wa tambiko alisaga yeye. Ila alikuwa jikoni kila siku, akiona.

Juzi nilimsomea mtoto wa mjomba ukurasa ule. Ni mzee, haoni vizuri, na tangu utoto wetu hamtaji bibi kwa jina, anamwita mchawi. Alisikiliza hadi mwisho.

"Dada, kwa hiyo kitabu kinasema baba yangu ndiye aliyemuua?"

"Hapana. Kinasema jiwe lilikuwapo kabla ya mbuzi."

"Soma tena pale pa mafuta," akasema.

Nikasoma polepole, na nilipofika mwisho wa mstari alikuwa anamtaja bibi kwa jina lake.